Mtungi Haukuwa Wako

Mama,

Kaka Yakobo anasema kumwandikia mtu aliyekufa ni kuharibu wino. Nimemkumbusha kwamba wewe ulikuwa ukizungumza na Papa kila ulipomenya mihogo, na Papa alikuwa amelala katika udongo wa Bukavu tangu kabla ya vita, na hakuna aliyekuambia unaharibu mate. Basi naandika.

Nianze na habari za nyumbani, maana ndipo ungeanzia wewe. Mahindi ya nyuma ya nyumba yalitoka vizuri, lakini mbuzi wa jirani ameyaonja kabla yetu, na hakuna tena wa kumfokea jirani kama ulivyokuwa unamfokea. Mimi nikijaribu anacheka. Yule kuku wako mweupe mwenye kiburi bado anataga ndani ya kikapu chako cha ndagala. Neema wangu ameng'oka meno ya mbele, sasa maneno anayapuliza badala ya kuyasema. Sokoni Base Camp, hapa kambini, wateja wako bado wanakuja mezani. Wananisalimu, wanashika ndagala, halafu macho yao yanapita begani kwangu kana kwamba utatokea nyuma na kuwaambia wasichaguechague samaki.

Mimi ni mzima. Hapana, uongo huo siwezi kukuandikia wewe. Mama, asubuhi nikikoroga uji natoa vikombe kama zamani, kisha nakiona chako mkononi mwangu na sijui nikirudishe wapi. Kuna siku nilikimiminia. Neema akaniangalia, akakinywa.

Nakuandikia kwa ajili ya foto.

Tumetosha kilio, Mama. Tumeondoa matanga kama desturi ya kwetu inavyotaka: kiti mbele ya nyumba, kitenge cha marehemu juu ya kiti, na juu ya kitenge foto yake, ili kila anayefika aisalimu kwanza ndipo aende kukaa na wengine. Kiti kilikuwepo. Kitenge kilikuwepo, kile chako cha samaki. Lakini foto ndiyo ilikaribia kunitenganisha na mwanao Yakobo. Simu yangu ni ya tochi tu, haina kamera. Ile foto ya kupokelea chakula cha wakimbizi walikupiga wenyewe ofisini wakabaki nayo, na hata pale walikuambia usicheke. Tulipofungua sanduku lako tulikuta wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa ametengenezwa na mtu mwingine.

Wa kwanza ni yule msichana wa kadi. Unamjua, umevuka naye mpaka, yeye ndani ya kitabu cha nyimbo, tukaacha masufuria. Kadi ya rangi ya kahawia, ukubwa wa kiganja, waliichapa wamisionari huko kwao Ulaya. Msichana mdogo, bega moja wazi, amekumbatia mtungi, anaangalia pembeni kama mtu anayesikiliza habari za mbali. Chini kuna Kifaransa kinachosema tu "Msichana wa Kivu". Jina hakuna. Nilikulia ndani ya hadithi ya kadi hiyo. Siku ile mlitoka darasani misheni na magauni yenu ya bluu, chaki bado kwenye vidole, na mzungu wa foto akasema magauni hayafai. Sista akawavua, akawafunga vitambaa. Mzungu akatafuta kitu cha kuwapa mshike, akakiona alichokiona.

"Mutungi hata haukuwa yetu," ulikuwa ukisema huku unapiga paja. "Ilikuwa ya Padiri, ya kuwekea maua! Siye kwetu tulikuwa tunashota maji na debe."

Ukacheka mbele ya kamera, mzungu akakasirika, akakuamuru ufunge mdomo na uangalie kule kwenye migomba. Miaka ikapita, ukawa unaolewa, na sista akakuletea kadi kama zawadi. Wewe uliificha wageni wasiione, lakini sisi watoto ulituonyesha kwa namna yako. Ulilaza kidole gumba juu ya mtungi, kikafunika na yale maandishi, pakabaki uso. "Sasa muangalie," ulisema. "Huyu njo miye."

Wa pili ni mke wa mwalimu. Hii ni ya studio, Bukavu, pazia nyuma na ua la plastiki pembeni. Papa amekaa na saa yake na viatu vyake vinavyong'aa. Wewe umesimama nyuma ya kiti, mkono begani kwake. Nimeangalia foto nyingi za zamani za watu wa kwetu na zote zimepangwa hivyo, mwanamume amekaa na mwanamke amesimama, kama vile aliyetoka kulima ni yeye mwanamume. Nyuma ya karatasi limeandikwa jina la Papa, lote, na la ubatizo, halafu "na bibi yake". Lakini wewe ulitupa siri ya mkono ule. Haukuwa mkono wa heshima. Ulikuwa unamfinya, kwa sababu alikuwa amekwambia usitikisike, na ndiyo sababu Papa ana uso wa mtu aliyetafuna pilipili akiwa kanisani.

Wa tatu ni yule wa Nyamityobora, kule mjini Mbarara. Huyo tulimzaa pamoja, mimi na wewe na Sulaiti wa foto.

Mchwa walipoanza kula pembe za foto ya studio, uliifunga ndani ya kanga tukaenda nayo Mbarara, dukani kwa Sulaiti, pale karibu na wauza vitambaa. Ukamwambia kwa heshima zako zote, "Baba, unisafishie hii foto." Kwetu kusafisha foto ni kuitoa upya kwenye karatasi, kama walivyofanya zamani gizani na maji yao. Lakini Sulaiti ni mtu wa Mbarara, Kiswahili amekiokota kwa madereva na askari, na kwake kusafisha ni kusafisha. Akakwambia, "Hakuna shida, nyabo. Wewe rudi wiki ingine." Tuliporudi alikuwa amekusafisha. Kovu la juu ya jicho, pale jembe la dada yako lilipokupiga mkiwa wadogo, limekwenda. Pua imechongwa. Ngozi imekuwa chai yenye maziwa mengi, midomo myekundu, na nyuma yenu pazia limegeuka maporomoko ya maji. Papa peke yake alikuwa vilevile, na makunyanzi yake na matundu ya mchwa.

"Huyu ni nani?" uliuliza.

"Ni wewe, nyabo! Mimi nasafisha wewe kabisa."

"Na bwana yangu? Mbona yeye hukumusafisha?"

"Mwanaume hana shida. Mwanaume iko sawa tu. Lakini mama lazima iko smati."

Mimi nilidhani utampiga. Ulimwangalia yule mwanamke wa tatu kwa muda, ukamwangalia Sulaiti, halafu kicheko kikakushika, ukashindwa kusimama, ukakaa kwenye benchi la wateja. "Jina yangu Veronika," ulimwambia. "Veronika ya Njia ya Musalaba alipangusa uso ya Yesu, foto ikatokea ku kitambaa, na damu yote, na jasho yote. Weye umepangusa uso ya mutu, mutu mwenyewe akaenda!" Sulaiti ni Mwislamu, nadhani Veronika hamjui, lakini alicheka na wewe mpaka akafuta macho. Hukutaka akutolee nyingine. Ulisema utarudi siku moja akupige mpya kabisa, umekaa wewe kwenye kiti, unacheka, hakuna mtu mbele yako na hakuna mtungi.

Presha ikafika kabla ya siku hiyo. Kitu ulichokitaka kilikuwa kidogo hivyo, Mama, kukaa kitini na kucheka.

Sasa Yakobo. Alikuja kutoka kazini kwake Ruti na mafuta ya pikipiki bado kwenye kucha, akaangalia zile foto tatu, akachukua ya Sulaiti bila kufikiri. Nilimwambia huyo si Mama. Akasema tutamkata Papa, abaki peke yake, yatosha. Nikasema tena huyo si Mama, na nadhani nilisema kwa sauti, maana jirani wa mbuzi alichungulia.

"Najua haiko yeye," Yakobo akaniambia. "Nilimuona na ndoo, nilimuona na jembe, nilimuona ku njia wakati ya vita na wewe ku mugongo. Mara moja tu, Riziki. Ku foto tu. Batu bamuone fasi hateseke."

Alitaka watu wakuone mahali usipoteseka. Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mtu mwenye majivuno, nikamkuta mtoto wako.

Tukaenda wote wawili kwa Sulaiti. Aliposikia umekufa alishika kichwa, "Banange, mama ile ya kucheka?" akafunga mlango nusu ili wateja wasubiri. Yakobo akamweleza anachotaka. Sulaiti akaanza kukutenga na Papa kwenye kompyuta, na hapo ndipo mkono ukakataa. Akikata huku, mkono wako unabaki begani kwa Papa hauna mwenyewe. Akikata kule, unabaki wewe na mkono ulioishia kiganjani. Alijaribu tena na tena. Yakobo akageuza uso akaangalia barabarani.

Nikatoa kadi.

"Ile ya bega wazi?" Yakobo akasema. "Mbele ya batu ya kanisa? Na ule mutungi? Batasema mama yetu alikuwa mutu ya pori."

Sikubishana. Niliiweka mezani nikatafuta mahali pa kidole chako, na sikutafuta sana, Mama, maana karatasi pale imelainika na kuwa nyeusi kwa miaka yote uliyoifunika. Nikalaza kidole changu gumba juu ya alama ya chako. Kimetosha sawasawa. Nikamwambia Sulaiti akate hapo.

Akaiingiza kwenye kompyuta, akaikata, akaikuza, na wewe ukapotea. Sikujua kwamba foto za kuchapwa kwa mashine za zamani zimetengenezwa kwa vitone. Kila alipokukuza, uso ulizidi kutawanyika, ukawa mtama ulioanikwa mkekani. Jicho halikuwa jicho tena. "Hii si foto," Sulaiti akasema, "hii ni matone matone tu." Mama, nilihisi ninakuzika mara ya pili na safari hii kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaanza kulia pale pale, mbele ya watu wasionihusu.

Sulaiti akasema, "Dada, wewe nakaa karibu sana. Enda kule mlangoni."

Tukaenda mlangoni, mimi na kaka yangu, tukageuka. Ulikuwepo. Paji la uso lako, kovu lako, masikio ya Neema. Na pembeni ya mdomo kitu ambacho hakikuonekana kwenye kadi ndogo, au labda sisi hatukuwa tumeangalia: mdomo umefungwa kama mzungu alivyoamuru, lakini umefungwa juu ya kicheko. Macho yanaangalia migomba kwa sababu yameambiwa. Mdomo ulitii nusu tu.

Sulaiti akasogeza kipanya chake, akauliza, "Hii alama hapa juu ya jicho, nasafisha?"

"Hapana!" tukasema wote wawili. Sauti ya Yakobo ilikuwa kubwa kuliko yangu. "Usiguse," akaongeza, akaenda kukaa kwenye lile benchi lako, akainamisha kichwa, akalia na mafuta yake kwenye kucha. Nilikaa karibu naye. Sulaiti akajifanya anatafuta karatasi.

Baadaye akauliza aandike jina gani, kwa kuwa yale maandishi ya zamani ameyakata. Yakobo alianza kusema "Mama Yako..." akaishia hapo. Maana ndivyo wote tulivyokuita, kanisani, sokoni, bombani, kwa jina la mwanao wa kwanza. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika Veronika Nabintu."

Basi siku ya kilio ulikaa kitini, juu ya samaki wako, msichana wa miaka labda kumi. Watu walifika wakashangaa. Nilisikia wananong'ona, "Mama Yakobo njo huyu mutoto?" Wengine walisalimu haraka haraka wakaenda kukaa. Katekista akasimama, akasema hukuwahi katika maisha yako kumwinulia mtu sauti. Mama, niliangalia chini. Wanawake waliokuwa wakikimbia ulimi wako bombani walikuwa wametulia wanatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo, alikuwa mpole. Nikawaza, hata katekista naye ana duka la foto.

Kisha akafika Mama Furaha. Rafiki yako wa kilima kimoja, uliyesoma naye misheni, aliyekaa na wewe kila Jumapili baada ya misa akikulalamikia magoti yake. Alitoka Rubondo, mbali humu humu kambini, kwa miguu, na macho yake unayajua, ya karibu hayaoni. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. "Sioni mutu," akasema. "Naona vumbi tu." Neema akamshika mkono, akamrudisha nyuma polepole kama nilivyomfundisha asubuhi, mpaka karibu na jiko.

Mama Furaha akasimama pale.

"Nabintu," akaita.

Tangu tufike nchi hii sijawahi kusikia mtu akikuita hivyo. Hakusema kama mtu anayesoma. Aliita kama mtoto anayemwita mwenzake watoke darasani. Uwanja wote ukageuka, hata katekista. Akaangalia tena, chini ya uso, pale tulipokata.

"Na mutungi?"

"Tuliutosha, Mama," Yakobo akajibu, na nilijua anaogopa.

"Muzuri," akasema Mama Furaha. "Ule mutungi ulikuwa muzito. Hata miye nilikamataka ule mutungi. Batoto banamuke bote tulifanya mulolongo, mumoja anakamata, anamupa mwenzake. Lakini yeye njo alicheka."

Akakataa kukaa na wageni. Akavuta kigoda, akakaa kando ya kiti chako mpaka watu walipoondoka, na mara kwa mara alikuwa akitikisa kichwa na kutabasamu peke yake. Sijui kama mliwahi kulizungumza jambo hili ninyi wawili, Jumapili zote zile. Natamani kukuuliza. Natamani kukuuliza mambo mengi sana, na jibu lako lingekuwa kwanza kuniuliza kama nimeanua ndagala.

Nimeanua, Mama. Foto nimeitundika juu ya kikapu, mahali anapotaga yule kuku wako. Ukiingia ndani huoni mtu, unaona vitone. Ukitoka uani ukageuka, upo. Neema amelijua hilo, na kila akienda shule anafika kwenye njia, anageuka, anapunga mkono. Nilipomwona mara ya kwanza ilibidi niingie jikoni.

Sulaiti ameniambia nimlete Neema siku moja. Atakaa kwenye kiti, na kama anataka kucheka na mapengo yake, acheke. Jina lake litaandikwa chini, lote. Mimi nitasimama mlangoni.

Lala sasa. Udongo wa hapa haukukujua, najua ulitaka ule wa kwetu, lakini tumeupalilia na hauna magugu. Papa msalimie, na usimfinye sana.

Na Neema akiniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia ulikuwa mchoyo wa chumvi. Kwamba ulimi wako ulitawanya foleni ya bombani, kwamba ulinibeba mgongoni tukivuka na ukanitukana njia nzima ili nisilale. Kwamba uliambiwa ufunge mdomo ukaufunga nusu. Nitamwonyesha kovu, mahali lilipo. Nakuahidi hilo, Mama. Sitakusafisha.

Mwanao,
Riziki